Kiwanda cha misumeno cha Disston & Sons, Philadelphia: kilikuaje, kilikufaje, na umri wa msumeno unasomwaje?

mpini_wa_mtufaha aliuliza:

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa wanaofahamu historia ya viwanda vya zana za mkono, hasa hivi vilivyokuwa mali ya familia. Kuna misumeno mitatu ya mkono ya inchi 26, yote inasemekana imetengenezwa na Disston wa Philadelphia, na inabidi iandikiwe maelezo ya historia yenye ukweli, si porojo za wauza vitu vya kale. Maswali yangu ni haya:

1. Familia ya wahamiaji iliwezaje kuwapiku Waingereza wa Sheffield kwenye soko la Marekani?
2. Ni kweli kwamba mtoto wa mwanzilishi alikifilisi kiwanda kwa kununua ardhi Florida?
3. Mwaka wa msumeno unajulikanaje? Kila mmoja una medali ndogo ya shaba kwenye mpini, ila maandishi hayafanani.
4. Misumeno hii bado inaweza kufanya kazi, au imebaki pambo tu la ukutani?

Mmoja una kutu nyingi, kwa hiyo swali la nne lina haraka kidogo.

---

Kumbukumbu_za_Feleji alijibu:

Nianze na la kwanza, kwa sababu ukilielewa hilo mengine yanafunguka.

Henry Disston alizaliwa Tewkesbury, Uingereza, mwaka 1819. Alifika Philadelphia mwaka 1833 na baba yake, na baba akafariki siku chache tu baada ya kushuka melini. Kijana wa miaka 14 akawa mwanagenzi kwa watengeneza misumeno wa pale mjini. Mwaka 1840 akaanza kazi yake mwenyewe akiwa na mtaji wa dola 350 hivi, sehemu kubwa ikiwa zana na malighafi na si fedha taslimu.

Kikwazo chake hakikuwa ufundi. Msumeno mzuri unahitaji feleji nzuri, na feleji nzuri ilitoka Sheffield. Kwa hiyo mtengenezaji wa Marekani alikuwa ananunua malighafi kutoka kwa watu walewale anaoshindana nao. Wao walipata feleji kwa bei ya kiwandani, yeye kwa bei iliyoongezwa nauli ya meli na ushuru. Juu ya hapo mafundi wa Marekani waliamini kwamba msumeno usio wa Kiingereza ni bandia.

Mwaka 1855 Disston akajenga tanuri lake la kuyeyushia feleji kwenye vyungu. Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Tazama faida zilizofuata:

Kwanza, mabaki. Bapa la msumeno hukatwa kutoka kwenye bamba la mstatili, na msumeno wenyewe ni mpana upande wa mpini na mwembamba kwenye ncha. Kila bamba huacha pembe za feleji safi, na meno yakishatobolewa hubaki vipande vidogo vya pembetatu. Asiye na tanuri huyauza mabaki hayo kwa bei ya chuma chakavu. Mwenye tanuri huyarudisha kwenye chungu.

Pili, ubora usioyumba. Feleji ya kununua ilikuja na kaboni tofauti kila shehena, na fundi wa kugumisha alilazimika kubahatisha joto upya. Ukiyeyusha mwenyewe unajua ulichoweka chunguni.

Tatu ni bahati ya majira. Mwaka 1861 Marekani ilipandisha ushuru wa forodha kwa sheria iitwayo Morrill, na mwaka huohuo Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vikaanza. Feleji ya nje ikawa ghali. Aliyekuwa na tanuri tayari alikuwa miaka sita mbele ya wenzake.

Mantiki hiyohiyo aliipeleka kwenye tupa. Kiwanda cha misumeno hula tupa bila huruma, kwa kuwa kila jino la kila msumeno wa mkono lilinolewa kwa mkono. Katika miaka ya 1860 Disston wakaanza kutengeneza tupa zao, kwanza kwa matumizi ya ndani, kisha wakauza za ziada. Ukiona tupa ya zamani yenye jina Disston usidhani ni ya kughushi.

Mwaka 1872 walianza kununua ardhi Tacony, kando ya mto Delaware, kaskazini mashariki ya Philadelphia, ili kuhamisha kiwanda kutoka katikati ya mji. Uhamisho ulichukua zaidi ya miongo miwili, karakana moja baada ya nyingine. Kuzunguka kiwanda wakajenga mji wa wafanyakazi, na kwenye hati za viwanja wakaweka masharti: hakuna baa, hakuna machinjio, hakuna kiwanda cha ngozi. Wanahistoria wengi husifu mpango huo kama wema wa tajiri. Kwangu mimi ulikuwa pia hesabu ya biashara. Fundi wa kunyoosha bapa kwa nyundo alihitaji miaka mingi kuiva, na ukimpoteza huwezi kumpata mwingine kwa tangazo la gazeti. Nyumba ya mkopo karibu na kiwanda humfunga fundi vizuri kuliko mkataba.

---

Tupa_Pembetatu alijibu:

Nyongeza kwa aliyetangulia. Watu husikia "feleji nzuri" wakadhani hapo ndipo siri ilipoishia. Bapa lilipita hatua nyingi, na umahiri wa familia hii ulikuwa kuzimiliki zote chini ya paa moja:

Feleji iliyoyeyushwa ilimiminwa kwenye kalibu ikawa mikuo, mikuo ikapashwa moto na kupitishwa kwenye roli hadi ikawa bamba. Bamba likakatwa umbo, meno yakatobolewa kwa mashine. Kisha bapa likapashwa moto hadi jekundu na kuzamishwa kwenye mafuta. Likitoka hapo ni gumu lakini linavunjika kama kioo, tena limejikunja. Ndipo likapashwa tena kwa joto dogo huku limebanwa kati ya sahani nzito za chuma, ili lipate unyumbufu na kunyooka kwa wakati mmoja.

Baada ya hapo huja mtu wa nyundo na fuawe. Huyu ndiye aliyelipwa vizuri. Anatazama bapa dhidi ya mwanga, anaona uvimbe ambao wewe na mimi hatuuoni, anagonga mahali penye mkazo ili pateremke. Kisha bapa linasagwa kwenye mawe makubwa ya kunolea ili mgongo uwe mwembamba kuliko upande wa meno, na baada ya kusagwa linarudi kwa mtu wa nyundo, maana kusaga nako hulipindua.

Huo usagaji ndio unaotofautisha msumeno wa daraja la juu na wa bei poa. Chukua maikromita upime: kwenye meno utapata unene wa karibu 0.9 hadi 1 mm kutoka ncha hadi mpini, lakini kwenye mgongo karibu na ncha unaweza kukuta 0.7 mm au pungufu. Bapa la namna hiyo halibanwi na mbao hata kama meno yametanuliwa (yaani yamepindwa nje, moja kulia, moja kushoto) kidogo sana. Ukikuta unene mmoja kila mahali, huo ni wa daraja la chini au wa miaka ya mwisho.

---

mpini_wa_mtufaha aliandika:

Ahsanteni sana. Vipi la Florida? Nimelikuta limeandikwa sehemu nyingi kwa uhakika mkubwa.

---

Kumbukumbu_za_Feleji alijibu:

Limeandikwa sana kwa sababu lina utamu wa hadithi. Tarehe zenyewe zinalikataa.

Henry alifariki Machi 1878, na mwanawe mkubwa Hamilton akashika usukani. Mwaka 1881 Hamilton alinunua ekari milioni 4 za Florida kwa senti 25 kila ekari, yaani dola milioni 1. Mfuko wa ardhi wa jimbo ulikuwa umebanwa na madeni kiasi kwamba haukuweza kugawa ardhi kwa kampuni za reli, na gavana William Bloxham alihitaji mnunuzi mwenye fedha. Nusu ya ardhi Hamilton aliigeuza na kumuuzia Mwingereza, Sir Edward Reed. Iliyobaki akachimba mifereji kukausha mabwawa ya bonde la Kissimmee, akalima miwa huko St. Cloud. Mtikisiko wa uchumi wa mwaka 1893 ukamkuta vibaya, na alipofariki Aprili 1896 familia haikutaka kuendelea na mradi ule.

Sasa hesabu: kiwanda kiliuzwa mwaka 1955. Kati ya kifo cha Hamilton na kuuzwa kwa kiwanda ni miaka 59. Mfilisi gani anayechukua miaka 59 kuua? Florida ilikuwa biashara ya Hamilton na washirika wake, wala si karakana ya Tacony iliyotiwa rehani ya mabwawa. Katika miaka hiyohiyo kampuni ilikuwa inanunua washindani na kupanuka.

Hoja ninayoweza kuikubali ni ndogo zaidi: fedha na akili ya mkuu wa familia ziligawanyika wakati ambapo kiwanda kilikuwa na nguvu kuliko wakati wowote. Hilo lina uzito, ila halifikii kufilisika.

---

seremala_wa_nyuzi alijibu:

Naomba nichukue swali la tatu. Medali ni msaada mkubwa, kwa sababu jina la kampuni lilibadilika kila familia ilipoongezeka ofisini.

Kabla ya mwaka 1865 jina ni la Henry peke yake, na jina la kiwanda kwa kawaida limegongwa kwa mhuri kwenye feleji yenyewe.

Mwaka 1865 Hamilton alimaliza uanagenzi wake na kuingizwa kama mshirika. Medali ikawa na neno SON (mwana), umoja. Hii ilidumu hadi 1871 tu, kwa hiyo ni dirisha jembamba, na ndiyo maana wakusanyaji huitafuta.

Kuanzia 1871 ndugu wengine wakaingia, likawa SONS (wana). Hili ndilo utakalolikuta mara nyingi, na lilidumu miongo mingi huku herufi zikibadilika ukubwa na mpangilio. Kati ya 1896 na 1917 ilitolewa medali moja ambayo imejaa kila mahali, kiasi kwamba mtu akikuonyesha msumeno wa zamani bila wewe kuutazama, ukisema "wa kati ya hapo" una nafasi nzuri ya kupatia.

Kuanzia 1917 utaona U.S.A. kwenye medali. Jina la Philadelphia lililofupishwa peke yake halikusaidii, maana lilikuwepo muda mrefu kabla ya hapo.

Usiishie kwenye medali. Mipini huvunjika, fundi akahamisha mpini wa msumeno mmoja kwenda mwingine, basi medali ya 1868 ikajikuta juu ya bapa la 1920. Linganisha na vitu vingine:

Nati. Misumeno ya zamani ina nati bapa za shaba zenye mfuo, zilizosawazishwa na mbao. Katika miaka ya 1870 zikaanza kuja za kichwa cha kuba. Medali ya SONS yenye umri mkubwa pamoja na nati za kuba si tatizo. Medali ya SON pamoja na nati za kuba ni ya kutilia shaka.

Mgongo. Mwaka 1874 Disston walitoa mtindo wa mgongo uliopindwa kuingia ndani, na ndio msingi wa modeli ya D-8 iliyokuja kuwa maarufu kupita zote. Mgongo wa namna hiyo pamoja na medali ya SON haviendi pamoja, kuna kitu kimebadilishwa.

Mpini. Ya zamani ni ya mtufaha kwa daraja la juu, myembamba, imechongwa na kusuguliwa hadi kona zote zimelainika, na nakshi ya ngano iliyochongwa kwa mistari mingi midogo. Kadiri miaka inavyokwenda mpini unakuwa mnene, kona kali, nakshi mistari michache ya haraka. Kazi ya mkono ilikuwa inapunguzwa hatua kwa hatua, na mkono wako utaitambua kabla ya macho.

Matundu. Vua mpini utazame. Bapa likiwa na tundu la ziada lisilolingana na skrubu yoyote, mpini si wake.

Halafu kuna kile kidoti kidogo kilichochongoka mgongoni karibu na ncha. Watu wamekitungia kila kazi, eti cha kuanzishia kata, eti cha kufungia kifuniko cha meno. Disston wenyewe waliandika kwamba hakina kazi yoyote, ni pambo la kukatiza mstari wa mgongo.

---

mpini_wa_mtufaha aliandika:

Mmoja wa misumeno una medali yenye tai na maneno WARRANTED SUPERIOR, hakuna Disston popote. Mwingine una SONS na juu ya bapa, karibu na mpini, kuna namba 8 ndogo iliyogongwa. Wa tatu una 5 1/2. Huo wa 5 1/2 ndio wenye kutu.

---

seremala_wa_nyuzi alijibu:

WARRANTED SUPERIOR haina maana ya kiwanda chochote maalumu. Viwanda vingi, Disston wakiwemo, vilitumia medali hiyo kwa misumeno ya daraja la pili na kwa ile iliyouzwa chini ya majina ya maduka. Kwenye maelezo yako usiandike Disston kwa huo, mpaka upate maandishi kwenye bapa. Andika tu kwamba ni wa Marekani, mtengenezaji hajathibitishwa.

Namba 8 na 5 1/2 ni nukta za meno kwa inchi. Unahesabu ncha zote ndani ya inchi moja ukijumuisha ya kwanza na ya mwisho, kwa hiyo nukta 8 ni meno 7 kamili. Wa 8 ni wa kukatisha nyuzi za mbao, wa 5 1/2 ni wa kupasua kufuata nyuzi. Lakini pima meno yaliyopo sasa. Baada ya karne nzima ya kunolewa, kuna aliyewahi kuyafuta na kukata mapya, na namba ya mhuri inabaki kusema ya zamani.

---

Tupa_Pembetatu alijibu:

Sasa kutu, maana ulisema ina haraka.

Usitumie siki, na usitumie asidi ya limao. Najua wengi hapa watapinga, kwa sababu kutu inaondoka kweli. Tatizo ni kwamba maandishi ya kiwanda kwenye bapa yalichorwa kwa tindikali, yana kina kidogo mno. Asidi inakula feleji yote kwa usawa, na maandishi yanatoweka. Ukishayapoteza umepoteza ushahidi bora kuliko medali. Brashi ya nyaya kwenye drili nayo ni marufuku kwa sababu hiyohiyo.

Fanya hivi. Vua mpini kwanza. Kwa nati za kuba tumia bisibisi pana inayojaza mfuo wote. Nati bapa zenye mfuo uliopita katikati zinahitaji bisibisi iliyochongwa pengo katikati ya makali yake, kwa sababu ncha ya skrubu inachomoza hapo. Bisibisi ya kawaida itaukwangua mfuo na shaba itaharibika mara moja. Skrubu ikizunguka pamoja na nati, bonyeza kichwa chake upande wa pili, usilazimishe.

Lowanisha bapa kwa terpentini au mafuta ya taa. Kwangua kutu ya juu kwa wembe uliolazwa karibu na bapa. Kisha msasa wa maji namba 220, umezungushiwa kipande cha mbao kilichonyooka, ukisugua kwa urefu wa bapa tu. Kipande cha mbao ni muhimu: kinapita juu ya maandishi bila kuingia ndani yake, hivyo weusi unabaki kwenye mistari. Kidole hakifanyi hivyo. Maliza na namba 400. Ukifika eneo la maandishi, ambalo kwa kawaida ni katikati ya bapa upande wa kushoto ukishika mpini, anza moja kwa moja na 400.

Angalia mashimo ya kutu. Mashimo katikati ya bapa ni ubaya wa sura tu. Mashimo ndani ya milimita 5 za mwanzo kutoka kwenye meno ni tatizo, kwa sababu jino litakalochongwa hapo litakuwa na ncha iliyotoboka, na litavunjika wakati wa kulitanua.

Tazama unyoofu pia: shika mpini, jicho kwenye mstari wa meno hadi ncha. Upinde mpana na mpole unarekebishwa kwa kulipinda bapa upande wa pili juu ya goti, kidogo kidogo, ukitazama kila mara. Kunjo kali la mahali pamoja ni kazi ya nyundo na fuawe laini, na asiyeijua atazidisha. Msumeno wenye kunjo kali karibu na katikati uache uwe wa ukutani.

Kuhusu meno ya huo wa kupasua, nukta 5 1/2:

Funga bapa kwenye jiliwa lenye midomo mirefu ya mbao, meno yachomoze milimita 6 tu. Yakichomoza zaidi bapa litalia na tupa itaruka. Pitisha tupa bapa juu ya ncha zote hadi kila jino lipate kidoa kinachong'aa. Meno yasiyopata kidoa ni mafupi, hivyo shusha mengine yafikie hapo. Kama ni mawili matatu tu yaliyovunjika, yaache, yatajifikia baada ya kunoa mara kadhaa.

Tupa ya pembe tatu ya inchi 7 nyembamba inafaa kwa ukubwa huo. Kwa nukta 8 chukua ya inchi 6. Kanuni ni kwamba uso wa tupa uwe mpana kidogo kuliko kimo cha jino mara mbili, ili ukiigeuza upate uso mpya ambao haujaguswa na kata ya kwanza. Tupa ndogo mno hutumika nyuso zote kwa pamoja katikati, na inakufa mapema.

Kupasua: tupa inakwenda mraba na bapa, uso wa mbele wa jino karibu wima, nyuzi 8 au chini ya hapo. Kukatisha: uso wa mbele uegemee nyuma nyuzi 15 hivi, na tupa ielekezwe pembeni nyuzi 20 hadi 25 ili kila jino liwe na makali ya kisu. Hapa unanoa bonde moja unaruka moja, kisha unageuza msumeno na kumalizia yale yaliyorukwa. Kosa la kawaida ni kulikazia macho bonde ukasahau ncha. Unasimama pale kidoa kinapokwisha, si pale bonde linapopendeza.

Kutanua meno hufanywa kabla ya kunoa kwa mwisho: jino moja kulia, linalofuata kushoto. Pinda nusu ya juu ya jino pekee. Ukipinda kutoka shinani, feleji ya zamani huvunjika au bapa lenyewe hupasuka kwenye bonde. Kwa bapa la 0.9 mm lililosagwa vizuri na mbao kavu, njia ya kata ya 1.2 mm inatosha, yaani 0.15 mm kila upande. Mbao mbichi inataka zaidi. Msumeno unaoyumba kushoto na kulia ndani ya kata mara nyingi umetanuliwa kupita kiasi. Unaovuta upande mmoja tu umetanuliwa zaidi upande huo, na unatibiwa kwa kupitisha jiwe laini la kunolea mara moja kwenye meno ya upande unaovutia.

Usithubutu kuunoa kwa jiwe la umeme. Ncha ya jino ikigeuka buluu ugumu umekwisha.

---

Roli_na_Kalibu alijibu:

Swali la kwa nini kilikufa limebaki hewani, na jibu la "mashine za umeme" ni nusu tu.

Msumeno wa duara wa kubebwa mkononi ulitoka Marekani katika miaka ya 1920, na baada ya Vita Kuu ya Pili fundi ujenzi wa Marekani aliuona kama zana ya kawaida. Misumeno mirefu ya watu wawili ya kukatia magogo ilifutwa na chenso. Ila Disston waliliona hilo likija. Katika miaka ya 1940 walitengeneza chenso zao za watu wawili zenye injini za Mercury. Kiwanda cha feleji kilikuwa kimezoea pia kazi za kijeshi, kama bamba za kinga. Kwa hiyo hawakulala usingizi kabisa.

Shida ni kwamba kile kilichowapa ushindi mwaka 1855 kilikuwa kimegeuka mzigo. Kuyeyusha feleji yako mwenyewe kulileta faida wakati feleji nzuri ilikuwa adimu. Kufikia miaka ya 1950 viwanda vikubwa vya feleji viliuza bamba zuri, la unene sawasawa, kwa bei ambayo tanuri dogo la kampuni ya misumeno haliwezi kuifikia. Bado Tacony ilikuwa na majengo mengi ya enzi ya mvuke, kila moja na wafanyakazi wake, na bapa likisafiri kutoka jengo hadi jengo. Wenye hisa walikuwa wajukuu na vitukuu waliotawanyika, wengi wakitegemea gawio. Ukiwa na wenye hisa wa namna hiyo, mapendekezo ya kubomoa na kujenga upya hayapiti kirahisi.

Mwaka 1955 kampuni iliuzwa kwa H.K. Porter ya Pittsburgh. Jina liliendelea kuwekwa kwenye misumeno baada ya hapo, na hapo ndipo wanunuzi wengi hudanganyika: jina ni lilelile, bapa halijasagwa mgongo, mpini ni kipande kinene kilichopitishwa mashine.

Linganisha na wenzao. E.C. Atkins wa Indianapolis, familia nyingine kubwa ya misumeno, iliuzwa kwa Borg-Warner mwanzoni mwa miaka hiyohiyo ya 1950. Simonds wa Massachusetts, waliokuwa wakongwe kuliko wote wawili, waliegemea zaidi bapa za viwandani kuliko msumeno wa seremala, na jina lao limeendelea kuishi kwenye kazi hiyo. Mteja wa Simonds alikuwa kiwanda, na kiwanda kilipohamia kwenye mashine kiliendelea kununua bapa. Mteja wa Disston alikuwa seremala mmoja mmoja, ambaye akinunua mashine hahitaji tena msumeno wa nukta 8.

---

mpini_wa_mtufaha aliandika:

Nimevua mpini wa huo wa kutu. Bapa lina tundu moja la ziada juu ya skrubu ya kwanza, na mgongo wake umepindwa kuingia ndani. Medali ni SON.

---

seremala_wa_nyuzi alijibu:

Basi una vitu viwili, ndugu: bapa la baada ya 1874 na medali ya 1865 hadi 1871. Tazama upande wa ndani wa mpini, kwenye pengo linaloingia bapa. Kwenye D-8 pengo limefungwa juu na lina umbo la duara kufuata kisigino cha bapa. Ukikuta pengo limenyooka na limefunguka juu, mpini ulitoka kwenye msumeno wa zamani wa mgongo mnyoofu. Iandike miaka yote miwili kwenye maelezo, na usiubadilishe mpini, maana wenyewe ndio wenye thamani kuliko bapa.